Machela badala ya mahema kambini: kwa nini vijana wangu wanne waliamka saa tisa usiku wakitetemeka?

Mlezi wa Jinja
Habari zenu wapendwa. Nalea kikundi cha vijana wa kanisa letu hapa Jinja, vijana 24, miaka 12 hadi 17. Mahema tunayo manne, yote ya kupewa, na yote yamechoka: zipu zimekufa, sakafu zinavuja, moja nguzo yake ni kipande cha bomba la maji. Mapya hatuyawezi. Kaka mmoja akatuletea wazo la machela, zile za kufunga kati ya miti miwili. Tukashonesha sita za majaribio kwa nailoni ya soko la Kikuubo, Kampala, tukaenda nazo Agosti ukingoni mwa msitu wa Mabira, usiku mbili.

Usiku wa kwanza, saa tisa, nasikia vishindo vya miguu. Natoka. Wanne kati ya sita wameuzunguka moto uliokwisha zimika, meno yanagongana, mmoja amejifunika gunia la mkaa hadi kichwani. Mvua haikunyesha hata tone. Waliolala kwenye yale mahema mabovu walikoroma mpaka asubuhi. Na wale wawili wa machela waliobaki hawakuamka kabisa. Nilienda na tochi, nikaona machela zao zimejaa, zimetulia tuli.

Blanketi ni zile zile, kitambaa ni kile kile. Hao wawili walikuwa na nini? Na Desemba nishone machela 24 au niachane nazo?

Fundi wa Kikuubo
Kitambaa hicho nakijua, pengine nilikukatia mimi. Nnyabo, nailoni ile ni ya begi na mwavuli, haina joto hata chembe. Chini ya mgongo hakuna kitu ila upepo. Blanketi ulilojifunikia linafanya kazi juu tu. Lile ulilolilalia umelikandamiza likawa kama karatasi, na blanketi bila hewa ndani yake ni kitambaa tu. Kwenye hema mtoto yuko juu ya ardhi, na pembeni kuna wenzake watatu wanapumua. Ni chumba cha ng'ombe kile, lazima kipate joto.

Dawa ni mbili. Sponji nyembamba ndani ya machela, au blanketi la pili linaloning'inia nje, chini ya machela, bila kulaliwa. Hilo la pili ndilo wenye kazi yao wanalitumia.

Mtu wa Tanga
Shikamooni wakubwa. Mimi napita tu, lakini nimefurahi kuona mlezi ameandika "machela". Wiki iliyopita kuna mtu alikuwa anauza "hamaki mpya, imara, ya watu wawili". Ndugu zangu, hamaki ni hasira. Hamaki ya watu wawili ni ndoa.

Mzazi wa Bugembe
Basi mimi hilo neno ndilo lililoniua. Mwanangu alikuwa kwenye safari hiyo. Siku ya pili ananipigia kwa simu ya mwenzake: "Mama, jana nimelala kwenye machela." Mimi najua machela moja tu, ya kubebea wagonjwa. Nilishafika stendi ya boda na pochi mkononi.

Kabale Baridi
Pole mama, ila hukukosea sana. Huku kwetu milimani tuna engozi, kitanda cha fito kinachobebwa mabegani kumpeleka mgonjwa barabarani, na kila kijiji kina chama chake cha engozi. Usipobeba wenzako, siku yako hakuna wa kukubeba. Kwa hiyo sisi mtu akining'inia baina ya miti miwili tunauliza kwanza anaumwa nini.

Halafu baridi ya Jinja? Njooni Bunyonyi, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ndipo mjue kutetemeka. Mabira mlikuwa na nyuzi 16 au 17. Hiyo kwetu ni hali ya hewa ya harusi.

Hesabu Tu
Nafundisha fizikia Mbale. Fundi amesema kweli lakini hajamaliza. Swali la mlezi ni kwa nini WAWILI hawakusikia baridi. Mimi naangalia jinsi zilivyofungwa.

Machela iliyokazwa kama kamba ya kuanikia nguo inakubana mabega, kitambaa kinakugandia mwili mzima, na popote kinapokugandia ndipo baridi inapopita. Iliyolegea inakupa nafasi ya kulala mshazari, mgongo karibu unyooke, blanketi lipate pa kukaa. Kamba ishuke kutoka kwenye mti kwa pembe ya kama nyuzi 30 chini ya mlalo. Na kuna sababu kubwa kuliko baridi: kwa nyuzi 30, kijana wa kilo 60 anavuta kila upande kwa kilo 60. Ukikaza mpaka nyuzi 10, kila upande unavutwa kwa kilo 170 na ushei. Mtoto yule yule! Ndiyo maana kamba hukatika usiku na watu wakasingizia wachawi.

Mlezi, nani alifunga?

Mlezi wa Jinja
Webale mwalimu. Zote sita zilifungwa na mtu mmoja, huyo kaka mwenye wazo, kwa kamba ya manila, na kweli alizikaza kama gitaa. Lakini alizikaza zote! Hao wawili: mmoja mnene, mmoja mwembamba kama fito. Walikuwa mwisho wa mstari, karibu na njia. Chakula walikula pamoja.

Bodaboda wa Lugazi
Ukingo upi wa Mabira? Kama ni upande wa Najjembe, karibu na kijito, nakupa jibu bila fizikia. Kuanzia saa nane usiku ukungu unatoka kwenye maji unatambaa chini chini, urefu wa kiuno. Aliyening'inia urefu wa kiuno anaogeshwa. Aliye kwenye hema ana ukuta. Na penye njia pamewazi, ukungu haukai sana. Mimi napita pale na pikipiki alfajiri, suruali inalowa mapajani, kichwa kikavu.

Na mkipita Najjembe msiache kuku wa kijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma.

Fundi wa Kikuubo
Kuku wa kijiti ni Namawojjolo, ssebo.

Bodaboda wa Lugazi
Namawojjolo ni wa wanaotoka Kampala, wasio na subira. Najjembe wapo, na gonja ya Najjembe inaiva kweli. Mimi nakaa huku, wewe unakaa Kikuubo.

Nesi wa Tororo
Tuachane na kuku. Nauliza kama nesi: walikula nini, saa ngapi? Kama ni posho na maharage saa kumi na mbili jioni, halafu wakacheza mpaka saa nne, saa tisa usiku mtoto hana kuni tumboni. Mtoto mwenye njaa husikia baridi haraka.

La pili, hakuna aliyetaja mbu. Kitambaa chembamba kilichokugandia mgongoni hakimzuii mbu, anakuchoma kwa chini kupitia kitambaa. Chandarua cha kufunika juu tu ni nusu kazi, machela nzima iingie ndani ya chandarua na kifungwe chini. Mbu wa malaria huuma usiku, na msimu wa mvua ukishapita hapa kwetu wodi zinajaa. Naomba mlezi usiondoke na watoto 24 bila vyandarua 24. Vile vya kugawiwa bure tafadhali vifanye kazi yake, si kuvulia mukene, yaani dagaa.

La tatu, wasichana. Wapi wanabadilisha nguo? Binti wa miaka 13 aliye katika siku zake hawezi kujihifadhi ndani ya kitu kinachobembea mbele ya kambi nzima. Hata ukienda na machela tupu, bakiza hema moja la wasichana.

Mzazi wa Bugembe
Asante nesi. Hilo la tatu mimi nilikuwa naogopa kulisema. Lakini niseme na upande wa pili: machela ni ya mtu mmoja. Kwenye hema la watu sita sijui nani analala na nani, na mkubwa wa miaka 17 anafanya nini na mdogo wa miaka 12. Machela zikiwa zimepangwa mstari, mlezi anamulika tochi mara moja anaona wote. Kama mzazi hilo linanipa usingizi.

Afande Mstaafu
Nimelala msituni miaka mingi kuliko umri wa wengi humu. Askari halali hewani. Analala chini, anachimba, anatandika majani, turubai juu. Mnakata nyasi kavu, mnatandika unene wa kiganja kizima, mnalalia. Bure. Hakuna fundi, hakuna fizikia.

Kuhusu hao wawili: siku zote kwenye kikosi wawili wanaolala vizuri ni wajanja. Chunguza.

Bodaboda wa Lugazi
Afande kwa heshima zote, umesahau siafu. Mvua ikianza Mabira siafu wanatembea kwa jeshi lao, nao hawajui cheo. Jirani yangu alitoka nyumbani uchi saa saba usiku akawaachia nyumba mpaka asubuhi. Kulala chini juu ya nyasi kule ni kuwatandikia meza.

Afande Mstaafu
Siafu tunawamwagia majivu. Halafu siafu hapandi mti?

Bodaboda wa Lugazi
Anapanda. Lakini ana mambo mengi chini ya kumfanya asipande.

Kijana wa Sipi
Naongoza wageni huku Kapchorwa, wengine wanakuja na machela zao. Nachangia mambo niliyoyaona kwa macho.

Wageni hawatumii manila. Wanatumia mikanda mipana inayozunguka mti, kwa sababu kamba nyembamba inakata gome, na nailoni inarefuka usiku ikipata unyevu: unalala kitandani, unaamka makalio yako yanagusa umande. Mikanda ya kufungia mizigo ya lori inafaa, ile ya poliesta ya sentimita tano. Haivutiki.

Jambo la pili linahusu baridi na hakuna aliyeligusa. Mvua au umande ukishuka kwenye mti unafuata mkanda mpaka kwenye machela, kama maji kwenye kamba ya kisima. Wageni wanafunga kiuzi kidogo kwenye mkanda, kabla haujafika kwenye kitambaa, kinaning'inia. Maji yanakifuata kiuzi yanadondoka chini. Nimekiona kiuzi cha kiatu kikifanya kazi hiyo usiku kucha, chini yake kikawa kidimbwi cha ukubwa wa sahani. Mlezi, je, vitambaa vilikuwa vimelowa upande wa kichwani asubuhi?

Mlezi wa Jinja
Eeh! Viwili vililowa. Lakini vya wale wanne au vya hao wawili, siwezi kuapa. Asubuhi kila mtu alishakunja vyake.

Skauti Mkongwe
Hodi. Nilianza kambi Kaazi, pale ziwani, nikiwa na miaka 11, na leo wajukuu wangu wanaenda pale pale. Msidharau hema. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipokusanya vijana ishirini na kitu kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, walilala kwenye mahema ya jeshi, wengi pamoja. Hema linafundisha kuishi na mtu ambaye miguu yake inanuka. Kwenye machela kila mtu ni kisiwa.

Hatari yangu kubwa ni miti yenyewe. Kijana akifika anatafuta miti miwili, basi. Haangalii juu. Mikaratusi inaangusha tawi bila upepo, bila kukuaga. Mti uliokufa unasimama miaka na siku utakayoufunga ndiyo siku yake. Shina lisipungue unene wa paja. Na machela isipite urefu wa goti ukiwa umekaa, maana kila kambi kuna mmoja atakayepinduka.

Halafu radi. Mnajua nchi yetu na radi. Kiryandongo mwaka 2011 watoto 18 walikufa kwa pigo moja. Leo mnawafunga watoto kwenye miti?

Hesabu Tu
Mzee, naomba nikurekebishe kidogo. Wale wa Kiryandongo walikuwa shuleni, kwenye jengo, si chini ya mti. Uliloogopa ni kweli lakini hema nalo si kinga: kitambaa na nguzo ya chuma katikati ya uwanja. Ngurumo zikianza watoto wote waondoke, wa hema na wa machela, waingie kwenye gari lililofungwa au jengo lenye kizuia radi. Kambi isiyo na gari wala jengo karibu isifanyike msimu huo.

Skauti Mkongwe
Nimekubali la shuleni. La mikaratusi silirudishi.

Kabale Baridi
Mzee ametaja kupinduka nikakumbuka. Mpwa wangu aliona machela kwenye simu, akachukua neti ya zamani, akaifunga kati ya migomba miwili nyuma ya jiko. Migomba! Alikaa vizuri kama sekunde tatu. Mgomba mmoja ukaja naye, na mkungu wa matooke ambao bibi alikuwa anausubiria Krismasi. Bibi alimkimbiza mpaka barabarani, na hapo ndipo neno la yule bwana wa Tanga lilipofaa. Ile ilikuwa hamaki.

Mtu wa Tanga
😂😂 Nimeridhika. Ingawa wazee wetu wengine wangeiita susu, kama ile ya kuning'inizia vyombo.

Mzazi wa Bugembe
Mwanangu si sufuria.

Fundi wa Kikuubo
Na mkumbuke Mabira ni hifadhi, iko chini ya mamlaka ya misitu. Waulizeni kwanza mti gani unafungwa. Watu waliingia barabarani mwaka 2007 kuutetea usigeuzwe mashamba ya miwa, leo tunaukaba koo kwa kamba ya manila?

Nesi wa Tororo
Nimerudi. Mlezi hukujibu kuhusu chakula. Na kuna kitu kimoja zaidi: hofu. Mtoto aliyezoea kulala na ndugu watatu kitanda kimoja, leo peke yake hewani, msituni, tumbili wanapiga kelele juu. Wale wanne wanalala vipi nyumbani?

Mlezi wa Jinja
Nesi, samahani. Posho na maharage, saa kumi na mbili na nusu, umepatia kama ulikuwepo. Kuhusu kulala: wawili kati ya wanne wanasoma bweni, wamezoea kitanda cha peke yao. Mmoja ni mtoto pekee kwao. Kwa hiyo sijui. Na jambo jingine ninaloona aibu kulisema: usiku wa pili niliwapa wote sita uji saa nne usiku. Walioamka walikuwa watatu, si wanne.

Hesabu Tu
Wale wale wa jana?

Mlezi wa Jinja
Watatu kati ya wale wanne wa jana. Wale wawili wa mwisho wa mstari bado walilala.

Bodaboda wa Lugazi
Ukungu. Nasimama hapo hapo.

Mtoto wa Njeru
Shikamooni. Nimeonyeshwa uzi huu na dada yangu. Mimi ni mmoja wa wale wawili. Mwembamba kama fito, asante sana Auntie.

Nisameheni. Mimi sikulala machelani. Nilijaribu mpaka kama saa tano, mgongo ukawa wa barafu, nikashuka. Nikaweka begi langu na viatu ndani ya machela, nikafunika blanketi dogo, ndiyo uliyoyaona na tochi. Mimi nilikuwa chini yake, juu ya turubai, nimejiviringisha ndani ya jaketi la kaka yangu, nimetandika nyasi. Usiku wa pili vile vile.

Afande Mstaafu
NILISEMA.

Nyasi kiganja kizima?

Mtoto wa Njeru
Ndiyo Afande.

Afande Mstaafu
Kijana huyu apewe cheo.

Mlezi wa Jinja
Mungu wangu. Nilikuwa nimemulika BEGI? Na siafu je? Na nyoka? Tutaongea Jumapili.

Hesabu Tu
Basi hesabu imebadilika. Usiku wa kwanza ni wanne kati ya watano. Amebaki mmoja tu, yule mnene. Naye alikuwa na nini?

Mtoto wa Njeru
Yeye alilala kweli, nilimsikia juu yangu akikoroma. Alikuwa na lubugo. Bibi yake alimpa, kakipande kakubwa, akakatandika chini ya blanketi.

Fundi wa Kikuubo
Mmeona! Kitu chini ya mgongo. Gome la mutuba lililopondwa ni nene, lina nyuzinyuzi, linashika hewa. Kabla ya nailoni wazee walikuwa wanajifunika hilo.

Mtu wa Tanga
Lubugo ndiyo nguo ya gome la mti? Ile iliyotambuliwa na UNESCO?

Fundi wa Kikuubo
Ndiyo hiyo, tangu 2005.

Mtoto wa Njeru
Lakini Fundi, usiku wa pili alimwazima yule aliyejifunika gunia la mkaa. Mwenye gunia akaamka tena saa tisa. Na yeye bila lubugo akakoroma.

Bodaboda wa Lugazi
Ukungu!

Nesi wa Tororo
Mnene, ssebo. Mwili wake mwenyewe ni blanketi. Na aliongeza uji.

Kijana wa Sipi
Au kamba yake ndiyo iliyokuwa kavu. Hakuna aliyeangalia.

Mzazi wa Bugembe
Mwenye gunia la mkaa ni mwanangu. Alirudi na shati jeusi mgongoni, nimelifua mara tatu. Kwa hiyo Desemba analala wapi?

Mlezi wa Jinja
Mama nisamehe kwa shati. Nimeamua hivi kwa sasa: mahema mawili yashonwe, moja la wasichana kubadilishia nguo na kulala. Machela kumi tu, na mikanda ya lori. Wengine chini, juu ya turubai, ndani ya vyandarua. Ijumaa nitalala mimi mwenyewe machelani nyuma ya nyumba, kati ya miembe, bila sponji, nione. Fundi, sponji ya inchi moja bei gani kwa kumi?

Fundi wa Kikuubo
Njoo dukani tuongee. Na hayo mahema niletee nione zipu, huenda ni vichwa tu vimelegea. Usilale chini ya embe bivu.